Maji ya Chini Hayajui Ua

Maneno yaliyosemwa na kamati ya chemchemi mbele ya mkutano wa vikundi vya maendeleo, Merigi, Kaunti ya Bomet



Tumeombwa tuseme juu ya maji. Sisi si mainjinia. Ni kamati ya chemchemi moja tu na visima vitatu vilivyochimbwa kwa jembe, vilivyo chini yake. Lakini tumegombana juu ya maji, kisha tukapatana, na mambo hayo mawili yametufundisha. Basi tutaeleza yaliyotupata, halafu tutasema kwa nini tunaona wakati umefika vikundi vyetu viungane na kuwa na eneo moja la kulinda maji ya chini ya ardhi, lenye mipaka yake, kamati yake na masharti yake.

Tuanze na ugomvi.

Mgeni akipita huku kwetu husema, "Nyinyi mna shida gani ya maji? Nchi ya majani chai, kila mahali kijani!" Ni kweli, mvua tunapata. Lakini anayebeba mtungi mwezi wa Januari na Februari anajua habari nyingine. Chai huwa bado kijani, na chemchemi imebaki kama uzi. Ilifika mahali akina mama wakawa wanaamka saa tisa za usiku kuwahi foleni, na wasichana wakifika shuleni wanasinzia.

Sasa jirani mmoja wa upande wa juu akachimba kisima kirefu kuliko vyetu, akatia pampu ya sola, akaanza kunyunyizia sukuma wiki na nyanya. Hakuvunja sharti lolote la kijiji, kwa sababu hapakuwa na sharti. Kiangazi kilekile visima vyetu vitatu vikashuka. Tukasema, ni yeye! Usiku mmoja mpira wake wa maji ukakatwa kwa panga. Mpaka leo hajatokea mtu wa kusema ni mimi. Watoto wa nyumba yake na watoto wetu wakaacha kutembea pamoja kwenda shule.

Wazee wa kokwet wakatuita tukae chini. Mzee mmoja akatuuliza swali dogo tu: "Kabla ya pampu, maji yalikuwa futi ngapi kutoka mdomo wa kisima?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Tulikuwa na hasira nyingi, na hata namba moja hatukuwa nayo. Mwenye pampu naye hakuwa nayo. Mzee akasema hawezi kuamua kesi ambayo shahidi wake yuko chini ya ardhi na hakuna aliyemuuliza.

Basi tukaanza kumuuliza. Tulinunua kamba, tukafunga jiwe mwishoni, tukaitia fundo kila futi moja. Kila Jumatatu alfajiri, kabla mtu hajachota, watu wawili walishusha kamba katika kila kisima, mmoja wetu na mmoja wa nyumba ya mwenye pampu. Namba iliandikwa katika daftari la shule, na mvua pia ikaandikwa. Daftari hilo lilikuwa la shilingi chache, lakini ndilo lililotupatanisha.

Baada ya mwaka mzima tuliona mambo mawili. Kisima kilicho karibu na pampu kilishuka kila pampu ilipofanya kazi siku nyingi mfululizo, na pampu ikipumzika maji yalirudi kupanda. Hapo jirani yetu mwenyewe alikubali. Lakini visima viwili vingine havikujali pampu hata kidogo. Pampu ikiwaka, ikizimwa, ni vilevile. Hivyo vilikuwa karibu na chemchemi, na kuzunguka chemchemi kulikuwa na mikaratusi, ile blugamu, iliyokuwa imekua mirefu. Nani aliipanda? Ni sisi. Tuliipanda tupate kuni na nguzo, na bei ilikuwa nzuri. Ndugu zetu, siku hiyo tuliona haya.

Tukapatana hivi. Jirani atapiga pampu siku tatu kwa wiki katika miezi ya kiangazi, na atatia mita. Sisi tukakata mikaratusi ya kwenye chemchemi na kung'oa visiki, maana blugamu ukiikata tu inachipua tena, na mahali pake tukapanda miti ya kienyeji. Si hadithi ya maajabu. Foleni bado ipo Februari. Lakini hakuna anayekatiwa mpira, na watoto wanatembea pamoja.

Kwa nini basi hatukuishia hapo? Kwa sababu wengine wawili, walio nje ya kokwet yetu, sasa wanataka kuchimba visima virefu vya mashine. Hao hawakuwa chini ya mti siku ile. Makubaliano yetu hayawafungi. Na maji ya chini hayajui ua wa shamba wala mpaka wa kokwet.

Maji haya yanakaaje?

Wengi wetu tulifikiri chini kuna ziwa au mto. Si hivyo. Maji hukaa ndani ya udongo na ndani ya nyufa za mawe, kama chai inavyokaa ndani ya mandazi uliyochovya. Nchi yetu imetokana na volkano, tabaka juu ya tabaka, na maji hukaa katika nyufa na katikati ya tabaka hizo. Mvua ikinyesha, sehemu hukimbilia mtoni, sehemu hurudi hewani kupitia majani na jua, na sehemu ndogo huzama polepole. Hiyo ndogo ndiyo akiba yetu.

Ukipiga pampu, maji yanayozunguka kisima huvutwa, na usawa wake hubonyea kama bakuli. Ukivuta kidogo, bakuli ni dogo. Ukivuta sana na kwa muda mrefu, bakuli hupanuka mpaka likafika kisima cha jirani. Na chemchemi ni nini? Ni mahali maji yaleyale ya chini yanapotokea nje. Hata Nyangores na Amala, mito inayotoka Mau na kuungana kuwa Mto Mara, maji unayoyaona humo baada ya wiki nyingi bila mvua ni maji ya chini yanayotoka taratibu. Kisima, chemchemi na mto ni mfuko mmoja wenye midomo mitatu.

Ndiyo sababu msitu pia ni habari ya kisima. Mwaka 2001 sehemu kubwa ya Msitu wa Mau iliondolewa katika hifadhi ya serikali, na mashamba yakaingia. Mahali ambapo udongo umeachwa wazi, mvua hukimbia juu juu badala ya kuzama.

Jambo lingine, kina kirefu si lazima kiwe baraka. Katika nchi za volkano za Bonde la Ufa, maji ya visima virefu mara nyingi huwa na floridi. Kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidiwe ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa miaka, meno ya watoto huwa ya kahawia, na ikizidi sana hata mifupa huharibika. Kwa hiyo anayesema, "Vya juu vikikauka tutachimba chini zaidi," apime maji kwanza.

Tufanye hesabu

Chukueni mtungi wa lita 20 na saa. Uwekeni kwenye bomba la chemchemi. Tuseme baada ya mvua unajaa kwa sekunde 40. Hiyo ni lita 30 kwa dakika, na kwa siku nzima mchana na usiku ni lita 43,200. Sasa njooni Februari. Tuseme mtungi uleule unajaa kwa dakika mbili. Ni lita 10 kwa dakika, yaani lita 14,400 kwa siku.

Tuseme nyumba 80 zinategemea chemchemi hiyo, kila nyumba watu 6, kila mtu lita 20. Hiyo ni lita 9,600. Kila nyumba ina ng'ombe 3, na kila ng'ombe tumpe lita 40. Ni lita 9,600 nyingine. Jumla lita 19,200. Chemchemi inatoa 14,400. Zimepungua lita 4,800 kila siku, na bado hatujamwagilia hata mche mmoja wa nyanya! Zaidi ya hayo, kama hakuna tangi, maji yanayotoka usiku yanakwenda zake.

Hesabu hii inaonyesha kwamba mtu anaweza kupungukiwa bila kuwepo mwizi. Kila mmoja anachota kwa haki, na bado haitoshi. Hapo ndipo watu huanza kushikiana mapanga, wakitafuta mwizi asiyekuwepo.

Wengine wamefanyaje?

Tulitaka kujua kama ni sisi tu. Kumbe hapana.

Kaskazini, kwa Waborana wa Marsabit na kusini mwa Ethiopia, maji ya chini yamekuwa na serikali yake tangu zamani za mababu. Kisima kirefu kina mkuu wake wa ukoo uliokichimba, na kina mtu anayeitwa abba herrega, yaani baba wa zamu. Huyo ndiye anayepanga mifugo ya nani inywe leo na ya nani ingoje. Anayetaka maji lazima atoe kazi ya kukichimbua na kukisafisha kisima. Katika nchi kavu namna ile, visima hivyo vimedumu kwa sababu zamu inaheshimiwa.

Nairobi inatufundisha upande wa pili. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitangaza Nairobi kuwa eneo la hifadhi ya maji ya chini. Mpaka ulichorwa, sheria ikaandikwa. Lakini mji ulikua, visima vya mashine vikafika maelfu, na katika sehemu nyingi maji yameendelea kushuka. Mstari kwenye ramani haukuzuia pampu. Watumiaji wenyewe hawakuwa wamekaa pamoja, wakapima na kukubaliana.

Naivasha walikwenda njia nyingine. Sheria ya Maji ya 2002 ilitoa nafasi kwa watumiaji kuunda vyama vyao, vile tunavyoviita WRUA. Ukame wa 2009 ulipolishusha ziwa sana, walikuwa tayari na vyama, wenye mashamba makubwa ya maua na wakulima wadogo. Pamoja na serikali walitengeneza mpango wa kugawana maji kwa kutazama kina cha ziwa. Ziwa likiwa juu, kila mtu anachota kiasi chake. Likishuka kufikia alama fulani, wote wanapunguza. Likishuka zaidi, wanapunguza zaidi. Tena kuanzia 2010 watumiaji wa chini walichangia vocha kwa wakulima wadogo wa juu, Turasha na Wanjohi, waliopanda nyasi na miti kuzuia udongo. Miaka ya baadaye ziwa lilijaa mpaka likafurika mwaka 2020, lakini wazo lile linabaki zuri: masharti yalipangwa kabla ya ugomvi, na kipimo kilikuwa kitu ambacho kila mtu anaweza kukiona kwa macho.

Na mbali kabisa, Marekani, katika jimbo la Kansas, wakulima wa mahindi walikuwa wanamaliza maji ya chini yaliyokaa huko maelfu ya miaka. Mwaka 2012 sheria ya jimbo ikaruhusu wakulima wa eneo dogo kujiwekea masharti wenyewe, na serikali iyasimamie. Eneo moja, Sheridan 6, likaanza 2013: kupunguza maji kwa asilimia 20 kwa miaka mitano. Wengi walidhani watafilisika. Walipunguza zaidi ya hiyo asilimia 20, hawakufilisika, na muda ulipokwisha waliomba masharti yaendelee.

Mmeona? Mchungaji, mkulima wa maua, mkulima mwenye trekta, wote jambo ni moja. Maji ya chini hulindwa na majirani waliopima, wakakubaliana, na makubaliano yao yakapewa nguvu ya sheria.

Sheria inatupa nini?

Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji yote ya nchi yanashikwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo anayesema, "Shamba ni langu na maji ya chini yake ni yangu," shamba ni lako, ndugu, lakini maji ni amana yetu sote. Kuchota kwa matumizi ya nyumbani bila mitambo hakuhitaji kibali. Lakini kisima kirefu cha mashine kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo tunaijua kwa herufi WRA, na kabla ya kuchimba lazima uchunguzi wa ardhi ufanywe na mtaalamu.

Sheria hiyo inaruhusu vyama vya watumiaji katika kila bonde dogo la maji. Pia inaipa WRA uwezo wa kutangaza eneo la hifadhi ya maji ya chini, baada ya kuwasikiliza wananchi. Sisi hatuwezi kutangaza eneo hilo wenyewe. Lakini tunaweza kuunda chama, kupima, na kwenda mbele ya WRA na daftari mkononi. Anayekwenda na malalamiko tu huambiwa angoje.

Hatua ni hizi:

1. Kufanya baraza la vikundi vyote, chifu na wazee wakiwepo, pamoja na wenye pampu. Wenye pampu msiwaache nje, maana hao ndio mtakaopatana nao.

2. Kuchora mpaka kwa kufuata maji, si kwa kufuata lokesheni au wadi. Tembeeni ukingoni mwa kilima mkiuliza, mvua ikinyesha hapa inateremkia wapi? Kila chemchemi, kisima na pampu ichorwe. Baadaye wataalamu wataurekebisha, kwa kuwa maji ya chini mara nyingine hupita mpaka wa kilima.

3. Kuandika katiba na kuchagua kamati. Wa juu na wa chini wawemo, na akina mama wawe na viti vya kweli, maana wao ndio wanaojua foleni.

4. Kuandikisha chama kwa Msajili wa Vyama, kisha kufanya mapatano ya maandishi na WRA.

5. Kuandika mpango wa bonde: chemchemi zipi zizungushiwe ua, mikaratusi ipi ing'olewe, pampu zitapumzika lini. Chama chenye mpango kinaweza kuomba msaada katika Hazina ya Maji ya serikali.

Maswali tunayoulizwa

"Kamati zinakula pesa." Zingine zinakula, kweli. Ndiyo sababu hesabu zisomwe mbele ya wote kila miezi mitatu, na namba za visima zibandikwe mahali watu wanapopita. Kamati inayosomewa hesabu hadharani hula kwa shida.

"Mnataka kuzuia maendeleo." Hapana. Jirani yetu bado anauza nyanya. Anajua sasa ni siku ngapi atapiga pampu, na hakuna panga linalomngoja usiku. Hayo kwetu ni maendeleo.

"Kwa nini tusichimbe tu kila mtu chake?" Wanaosoma kitabu cha Mwanzo wanakumbuka visima vya Isaka. Wachungaji waligombania cha kwanza, wakagombania cha pili, naye akasogea mbele akachimba kingine mahali penye nafasi. Ndugu zetu, Isaka alikuwa na mahali pa kusogea. Sisi ekari zetu zimegawanywa kwa watoto na wajukuu. Tukigombania kisima hiki, hakuna nchi nyingine ya kuhamia. Lazima tukae na tupatane hapahapa.

Tunalowaomba

Hatuwaombi pesa leo. Kabla ya mkutano ujao kila kikundi kifanye mambo matatu. Nunueni kamba na daftari, mpime kila kisima Jumatatu alfajiri. Pimeni chemchemi kwa mtungi na saa mara moja kwa wiki. Na mwende kwa jirani mwenye pampu, au anayetaka kuchimba, mmsalimu na mmwombe ashike kamba pamoja nanyi. Hilo la tatu ndilo gumu, na ndilo lenye faida kuliko yote.

Wazee wetu walikuwa na kokwet ya kuamua habari za ng'ombe na mipaka. Maji ya chini hayakuhitaji kesi wakati ule, kwa kuwa jembe halikufika mbali. Sasa mashine inafika mbali, na kokwet ya maji hatuna. Tuiunde kabla visima vile viwili vipya havijachimbwa.

Maji yakimwagika hayazoleki, na ujirani pia ni hivyo. Januari haiko mbali. Kamba ni ya bei ndogo.